Nasi lemak ya South C: jiko la wikendi linalojua kuandaa meza ya watu wa kila namna

Jiko hili liko South C, Nairobi, ndani ya nyumba ya kawaida, bila kibao nje na bila meza za wageni. Hupika Jumamosi na Jumapili asubuhi tu, na kinachopikwa ni kiamsha kinywa cha Kimalaysia: nasi lemak (wali wa tui la nazi), roti canai (mkate wa tabaka wa kikaangoni), teh tarik (chai ya kuvutwa yenye maziwa), vitafunio vitamu vya aina tatu, na rendang (nyama iliyopikwa kwa tui na viungo) kwa wanaoagiza mapema. Oda hufungwa Ijumaa saa mbili usiku, malipo ni kwa M-Pesa, na chakula unaweza kukichukua mlangoni au kuletewa na boda kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne. Nasi lemak ya yai ni shilingi 450, ya kuku 700, na sinia ya watu wanne ni 2,600.

Kwa mwenye haraka: nasi lemak iagize bila wasiwasi, hasa iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Vitafunio viongeze. Roti canai uile pale pale mlangoni au uiache kabisa. Chai usikubali kuletewa na boda. Rendang ni nzuri ila haijafika pale bei yake inapodai imefika. Sababu za kila moja ya hukumu hizi zinahitaji maelezo kidogo, maana chakula hiki hakijazoeleka Nairobi na ni rahisi kukipima kwa kipimo kisicho chake.

Kwanza ni vizuri kujua unachoagiza. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza utamaduni wa kiamsha kinywa wa Malaysia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kilichoorodheshwa si sahani moja bali desturi ya watu wa jamii mbalimbali kula pamoja asubuhi. Wamalay ni zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile, Wachina hawafiki robo, Wahindi hawafiki moja ya kumi, na kuna jamii nyingi za wenyeji, hasa katika majimbo ya Sabah na Sarawak. Asubuhi, watu hao hukutana kwenye vyakula vitatu vinne vinavyojulikana na wote. Nasi lemak na rendang vimetoka jikoni mwa Wamalay. Roti canai na chai ya kuvutwa ni kazi ya mamak, yaani Waislamu wenye asili ya Uhindi, ambao migahawa yao mingi hukesha usiku kucha. Mikahawa ya zamani ya kahawa na mkate wa kuchoma iliwekwa zaidi na Wachina wa Hainan. Jiko la South C huandika kila kitu chini ya kichwa kimoja, “chakula cha Kimalay”. Si kosa kubwa, lakini mteja anayetaka kuwajua Wamalay kupitia sahani aanze na wali, sambal (rojo la pilipili la kukaangwa) na vile vitafunio, si na roti.

Wali ndio mtihani wa kwanza, na hapa wapishi wamefaulu vizuri sana. Hawatumii pishori ya Mwea. Pishori ni mchele bora, ila una harufu yake yenyewe inayogombana na ya pandan, jani la kunukia linalopikwa pamoja na wali huu. Wao wanatumia mchele mrefu wa Pakistani usionukia sana, wakauloweka nusu saa, wakaupika kwa tui la nazi halisi, jani la pandan lililofungwa fundo, na vipande vitatu vinne vya tangawizi. Mtu wa Lamu au Mombasa ataona mara moja kwamba huu ni nduguye wali wa nazi, na ndivyo ulivyo. Tofauti iko kwenye pandan na tangawizi, na kwenye ukavu: wali wa nasi lemak unatakiwa uwe na mafuta ya nazi ndani yake lakini kila punje ijitenge.

Ukavu huo ndio unaowashinda wengi wanaojaribu nyumbani, na kwa Nairobi kuna sababu ya ziada. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa au Kuala Lumpur. Mchele unaiva polepole. Mpishi anayefuata vipimo vya mtandaoni anaona punje bado ngumu katikati, anaongeza tui, na mwishowe anapata uji mtamu. Njia inayofaa hapa ni hii: kwa vikombe viwili vya mchele, tia vikombe viwili na nusu vya tui jepesi pamoja na chumvi, ongeza robo kikombe cha maji kwa ajili ya mwinuko wa Nairobi, pika hadi tui likauke juu, ndipo umwagie nusu kikombe cha tui zito la kwanza, uchanganye kwa uma, ufunike na uache kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Tui zito likitangulia mwanzoni, chembe zake nzito na sukari hushuka chini, wali unashika ukoko na kuungua huku wa juu haujaiva. Wali wa South C haujashika ukoko hata kidogo, na ukiubonyeza kati ya vidole unaacha mafuta membamba bila kuwa rojo. Hicho ni kipimo cha kuaminika kuliko harufu.

Nazi wanazotumia ni kavu, za kukunwa kwa mbuzi. Nalitaja kwa sababu majiko mengi ya mjini yamehamia tui la pakiti. Kwa wali, la pakiti linafaa. Kwa rendang na sambal halifai, kwa sababu mengi yake yana vigandishi vinavyozuia mafuta kujitenga, na katika vyakula hivyo viwili kujitenga kwa mafuta ndiko kunakoonyesha kwamba chakula kimeiva.

Tuje kwenye sambal, kwa sababu nasi lemak inasimama au kuanguka kwa sambal. Pilipili kavu hutolewa mbegu, huloweshwa kwenye maji moto kama dakika ishirini, husagwa na vitunguu vidogo vyekundu na kitunguu saumu, kisha hukaangwa kwa mafuta mengi na moto wa wastani. Hapo ndipo subira inapohitajika: nusu saa, kukoroga kila mara, hadi mafuta yapande juu na rangi itoke kwenye machungwa iingie kwenye wekundu uliokolea. Ukwaju na sukari huja mwishoni. Mwenye haraka huongeza nyanya ya kopo ili rangi ije mapema, na matokeo yake ni mchuzi wa nyanya wenye pilipili, mbichi kooni, unaochacha siku ya pili. Sambal ya jiko hili haina nyanya. Ukipitisha kijiko katikati yake, njia inabaki wazi kwa muda, kisha mafuta mekundu yanaingia polepole kutoka pembeni. Sambal iliyoharakishwa hujifunga papo hapo kwa maji.

Kinachokosekana ni belacan, ile tofali ya uduvi uliochachushwa na kuanikwa, inayochomwa kidogo kabla ya kusagwa. Hupatikana kwa nadra kwenye maduka ya bidhaa za Asia ya Mashariki hapa mjini, na bei yake si ya kila wiki. Wapishi wanatumia uduvi mkavu wa Pwani, wanaukaanga bila mafuta na kuutwanga. Ni uamuzi wa busara, kwa kuwa uduvi ndio malighafi ya belacan yenyewe. Ladha ya bahari iko. Ule uzito wa kitu kilichochachuka haupo, na anayeijua sambal ya Kuala Lumpur ataukosa. Nawashauri wachachushe wao wenyewe: uduvi na chumvi, kutwanga, kuanika, kutwanga tena, kwa wiki kadhaa. Jua la Nairobi la Januari na Februari linatosha kwa kazi hiyo, ila majirani wa ghorofa waombwe radhi mapema kwa sababu ya harufu.

Juu ya wali hukaa dagaa wa kukaanga. Malaysia hutumia ikan bilis, dagaa wadogo wa baharini. Hapa wametumia omena, na nilitarajia uchungu, maana omena hukaushwa na matumbo yake na mara nyingi hubeba mchanga wa pale ilipoanikwa. Uchungu haukuwepo. Kichwa kimetolewa na tumbo limetoka nacho, samaki wameoshwa kwa maji ya vuguvugu hadi maji yakatoka safi, wakakaushwa tena kabisa kabla ya kuingia kwenye mafuta. Hatua ya kukausha ndiyo watu huiruka. Omena ikiingia na unyevu, huonekana kavu ikitoka jikoni na kulegea baada ya nusu saa. Hapa huja kwenye karatasi yake kando, pamoja na njugu zilizokaangwa na maganda yake, ili mvuke wa wali usiziharibu. Mimina mwenyewe mezani. Baadhi ya wateja hulalamika kwamba “wamesahauliwa omena” kwa kuwa hawafungui ile karatasi ndogo iliyobanwa chini ya jani.

Kuhusu jani: wali uliofungwa kwenye jani la mgomba ni shilingi 50 zaidi ya ule wa boksi, na ni shilingi 50 za maana. Jani limepitishwa juu ya moto hadi likang'aa na kulainika, hivyo halipasuki likikunjwa, na joto la wali hulifanya litoe harufu inayoingia chakulani. Kwenye boksi la plastiki mvuke hugeuka maji, hudondoka juu ya tango, na tango hulowesha wali. Ukiagiza kwa ajili ya safari ndefu, kwa mfano hadi Ruaka au Kitengela, boksi lisahau kabisa.

Rendang sasa. Kilo moja ya rendang ya ng'ombe ni shilingi 2,800 na huagizwa siku mbili kabla. Asili ya chakula hiki ni kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, na wazao wao waliohamia jimbo la Negeri Sembilan ndio walioipa Malaysia baadhi ya rendang zake mashuhuri. Nyama huanza kwenye tui jingi pamoja na mchaichai, tangawizi, lengkuas ambayo ni jamaa ya tangawizi yenye ukali wa aina nyingine, vitunguu na pilipili. Hupita hatua tatu: kwanza ni mchuzi mwepesi, halafu urojo mzito ambao Waminangkabau huuita kalio, na mwisho, baada ya saa tatu hadi nne, tui limekauka, mafuta yamejitenga, na nyama inakaangika ndani ya mafuta hayo hadi iwe kahawia iliyokolea. Hatua ya mwisho ndiyo inayoifanya idumu siku nyingi bila friji.

Ya South C imesimamishwa kwenye kalio. Ni kweli kwamba Wamalay wa rasi ya Malaysia hupenda yao yenye urojo kidogo kuliko Waminangkabau, na kwa hiyo mpishi ana utetezi. Lakini urojo huu ni wa tui ambalo halijamaliza kupikwa, mafuta yake bado yamefungamana na mchuzi, na kwa bei hiyo saa moja zaidi jikoni si dai kubwa. Jambo la pili ni kerisik, nazi iliyokunwa, ikakaangwa bila mafuta hadi ikawa kahawia, kisha ikatwangwa hadi itoe mafuta yake na kuwa laini kabisa. Hapa imesagwa kwa brenda. Brenda hukata, haikamui, na matokeo yake ni chembe zinazosikika kwenye meno. Kinu na mchi kwa dakika kumi wakati nazi bado ni moto hutatua tatizo hilo. Nyama yenyewe wamechagua vizuri, ya muundi na ya bega, yenye mishipa inayoyeyuka. Nyama ya paja ingekuwa kavu ndani ya saa mbili.

Lakini kinacholifanya jiko hili listahili kusifiwa kwa sauti ni lile linalotokea kabla ya chakula kupikwa, kwenye fomu ya oda ya simu. Maswali ni manne: kuna asiyekula ng'ombe? kuna asiyekula nyama wala mayai? kuna asiyekula uduvi? sinia ni ya watu wangapi? Ni maswali mafupi, na yanaonyesha kwamba aliyeyaandika anajua jinsi Wamalay wanavyoishi na wenzao.

Katiba ya Malaysia, kifungu cha 160, inamtambua Mmalay kwa mambo matatu, pamoja na sharti la mahali pa kuzaliwa au makazi: anafuata dini ya Uislamu, huzungumza Kimalay kwa kawaida, na hufuata desturi za Kimalay. Kwa hiyo halali ni sehemu ya utambulisho wenyewe, na Mmalay hakai kwenye meza asiyokuwa na uhakika nayo. Jamii zinazoishi naye zimejifunza kulipanga jambo hilo bila kelele. Wakati wa Hari Raya Aidilfitri, yaani Idi ya baada ya Ramadhani, nyumba za Wamalay hufunguliwa kwa majirani, marafiki na wafanyakazi wenza wa dini zote, na desturi hiyo ya nyumba kuwa wazi imeshikwa pia kwenye Mwaka Mpya wa Kichina na Deepavali, sikukuu ya Wahindu. Mwenyeji Mchina anayewaalika majirani Wamalay huagiza chakula kwa mpishi wa halali ili nao wale. Mwenyeji Mmalay anayewatarajia Wahindu huweka rendang ya kuku kando ya ile ya ng'ombe, kwenye bakuli jingine na kwa kijiko kingine.

Hebu ihamishie desturi hiyo kwenye ofisi ya Nairobi. Kwenye meza ya watu kumi wanaweza kuwepo Waislamu wawili, Mhindu asiyegusa ng'ombe, mwingine asiyekula hata yai, na Msabato ambaye kamba na uduvi kwake si chakula. Huyu wa mwisho husahaulika kila mara, kwa sababu uduvi uliotwangwa ndani ya sambal hauonekani kwa macho. Jiko hili hupika sambal mbili kwenye sufuria mbili, moja ya uduvi na moja isiyokuwa nao, ambayo uzito wake hutokana na uyoga mkavu uliosagwa. Ya pili inafanikiwa vizuri zaidi kuliko nilivyodhani sambal bila uduvi inaweza kufanikiwa. Chombo chake hubandikwa karatasi ya kijani.

Kuhusu halali, uliza jambo moja kwa kila mpishi wa kukodi hapa mjini: sufuria zake hupikiwa wapi, na nani mwingine huzitumia? Nyama inayochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu ni rahisi kupata Nairobi, hilo si tatizo. Tatizo ni majiko ya kukodi kwa saa, ambapo asubuhi hukaangwa bekoni na mchana huingia mpishi mwingine. Wamalay ni wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa Pwani yetu, na kwa Shafi chombo kilichopata najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Sabuni na maji moto peke yake havitoshi. Jiko la South C halikodishi vyombo wala nafasi, na hujibu swali hili bila kukereka, jambo ambalo nalo ni huduma.

Sinia ya watu wanne imefikiriwa vizuri na kupakiwa vibaya. Kwenye karamu za Wamalay, kenduri, ni kawaida watu wanne au watano kuzunguka sinia moja na kula kwa mkono wa kulia baada ya kunawishwa, na hapo Mswahili hana la kufundishwa. Hapa sinia ni ya karatasi ya alumini, wali katikati, mayai, tango na kuku pembezoni. Kosa ni kwamba sambal humwagwa juu ya wali ili sinia ipendeze kwenye picha. Ikishamwagwa, yale maswali mazuri ya kwenye fomu yanakuwa kazi bure: asiyekula uduvi hana pa kutia mkono. Ukiagiza sinia, andika “sambal kando” na watakutilia kwenye vikopo viwili. Ilipaswa kuwa hivyo bila kuombwa. Pia sinia ni la kina kifupi na linapinda likibebwa kwa mkono mmoja, kwa hiyo mpe boda mfuko mgumu wa bapa, si ule wa mgongoni.

Roti canai inaumbwa vizuri. Unga umepumzishwa usiku kucha ndani ya mafuta, ukavutwa hadi ukaonekana kitambaa chepesi, ukakunjwa na kuchomwa kwenye kikaango bapa, kisha ukapigwa kwa viganja viwili ili tabaka zifunguke. Ikitoka motoni ni tamu, na nje inavunjika kwa mlio. Lakini uhai wake ni dakika kumi. Ndani ya foili, kwenye pikipiki, inageuka ngozi. Chapati ya kusukuma huvumilia hotpoti kwa sababu imekusudiwa iwe laini, roti canai imekusudiwa ivunjike, na hakuna kifungashio kinachoweza kuishikilia hivyo. Waiondoe kwenye orodha ya kupelekwa.

Chai ya kuvutwa nayo ni hivyo hivyo, na inasikitisha, kwa sababu Kenya ina majani yanayofaa kabisa. Teh tarik inataka chai ya unga, nyeusi, inayotoa rangi haraka na uchungu wa kutosha kupambana na maziwa matamu ya kopo, na chai yetu ya punje ndogo kutoka Kericho ndivyo ilivyo. Haichemshwi pamoja na maziwa kama chai ya nyumbani. Huloweshwa dakika nne hadi tano kwa maji yaliyochemka, huchujwa, hutiwa maziwa ya kopo, kisha humwagwa kutoka kikombe kimoja hadi kingine kwa urefu wa mkono, mara tano sita, hadi povu lipande na joto lishuke hadi pale linapofaa kunywewa. Ukiletewa ndani ya chupa, povu limekwisha na ulichonacho ni chai tamu. Mlangoni ni shilingi 150 na inastahili.

Vitafunio ni shilingi 60 kimoja. Seri muka, wali wa kunata chini na kastadi ya nazi juu, ina mpaka ulionyooka kati ya tabaka mbili, maana wali umebanwa ukiwa moto na kastadi ikamiminwa ikiwa imeanza kugandamana. Ikimiminwa nyembamba hupenya chini, na tabaka la juu huanguka likikatwa. Rangi yake ya kijani imetulia, dalili kwamba ni jani la pandan lililosagwa na si esensi ya chupa, ambayo huwaka kijani na kuacha harufu ya sabuni. Watu wa Pwani huuliza kama mkadi unaweza kutumika badala ya pandan. Ni mimea ya jamii moja, lakini sifa ya mkadi ni ua lake, na jani lake halina harufu ile.

Onde-onde ndiyo niliyorudia. Ni vidonge vya unga wa mchele wa kunata, vimeviringishwa kwenye nazi iliyokunwa na chumvi kidogo, na ndani kuna sukari iliyoyeyuka inayofumka ukiuma. Gula melaka, sukari ya mnazi, haipo madukani mwetu kwa urahisi, na wametumia sukari guru. Ladha yake ni ya miwa, nzito kidogo, na nazi yenye chumvi inaibeba vizuri. Sukari guru ni ngumu kuyeyuka, kwa hiyo wameikuna badala ya kuikata vipande. Kidonge kikielea kwenye maji yanayochemka unga umeiva, lakini sukari inahitaji dakika mbili zaidi, na wamezipa. Kula chote kwa mdomo mmoja, midomo imefungwa, vinginevyo shati lako litajua. Kuih lapis, ile ya tabaka nyingi, ilikuwa ya kawaida tu na ngumu kidogo, kwa sababu ilikaa kwenye friji. Vitafunio vya mchele vya aina hii havipendi friji hata saa moja.

Kwa wanaotaka kuagiza: sema idadi ya watu na wasichokula kabla ya Ijumaa jioni, kwa sababu sambal ya karatasi ya kijani haipikwi ya akiba. Rendang iombe “kavu zaidi” na uwape siku tatu badala ya mbili, wanakubali na hawaongezi bei. Ya kuku ni shilingi 2,200 kwa kilo na huhitaji siku moja. Kwa Idi, oda za rendang na nasi impit, wali uliobanwa ukakatwa vipande vya mraba badala ya ketupat, wali unaopikwa ndani ya kifuko cha majani ya mnazi, hufunguliwa wiki mbili kabla, nusu ya malipo hutangulia, na asubuhi ya Idi yenyewe hawapeleki popote. Mwenye oda huja kuchukua baada ya swala.